Kibali Kwanza, Jembe Baadaye

Siku ya kutoa zawadi katika shule za Imenti Kusini huwa na hotuba moja tu, hata wasemaji wakiwa kumi. Mgeni wa heshima huketi chini ya hema pamoja na mwalimu mkuu na wazee wa bodi. Zamu yake ikifika, huwaambia vijana kwamba yeye pia alikwenda shule pekupeku, akasomea mwanga wa koroboi, akafika alipofika kwa bidii. Wazazi hupiga makofi. Kisha hufuata sehemu ya pili, ambayo haikosi: aliyebaki nyuma alizembea, na hadithi za kubaguliwa, ziwe za ukoloni au za ukabila, ni visingizio vya watu waliochoka kabla ya kuanza.

Hotuba hiyo ina chembe ya ukweli, ndiyo maana hakuna anayeihoji. Lakini ikitolewa Kanyakine, Meru, kilima chenyewe kinaikana. Juu, karibu na msitu wa Mlima Kenya, kuna chai. Katikati kuna mibuni. Chini, kuelekea Mitunguu, ni migomba. Chai na kahawa zimelipia karo wasomi wengi wa Meru, pengine hata mgeni wa heshima mwenyewe. Na kwa miaka mingi mimea hiyo miwili ilikuwa ya Mzungu. Mwafrika wa Kenya alizuiwa kuipanda.

Kahawa ililetwa Kenya na wamisionari Wakatoliki, walioipanda Bura, huko Taita, mwaka 1893. Walowezi walipoipokea na kuijaza Kiambu na Thika, serikali ya kikoloni iliwafungia wenyeji mlango. Hadharani zilitolewa sababu za kitaalamu: Mwafrika ataeneza magonjwa ya mibuni, atashusha ubora wa kahawa ya Kenya, ataiba buni za jirani na kuziuza kama zake. Sababu nyingine ilikuwa nyepesi kueleweka. Mtu mwenye mibuni yake haendi kuchuma ya mwenzake kwa ujira wa senti.

Uwongo wa sababu za kitaalamu ulionekana ng'ambo ya mpaka. Kwenye miteremko ya Kilimanjaro, Wachaga walikuwa wakilima kahawa yao wenyewe, na kufikia mwaka 1925 walikuwa na chama chao cha wakulima. Mwaka 1933 walianzisha ushirika wa KNCU. Kule Bukoba, Wahaya nao walikuwa na mibuni yao. Kilimanjaro ni mlima wa volkeno kama Mlima Kenya, jembe ni lilelile, na mvua haiulizi kabila. Mchaga na Mmeru walitenganishwa na karatasi iliyotiwa saini ofisini.

Katikati ya miaka ya 1930 serikali ya Kenya ililegeza kamba kidogo. Iliruhusu Waafrika wapande kahawa kwa majaribio, katika maeneo yaliyopimwa na chini ya macho ya maafisa wa kilimo. Wilaya zilizoteuliwa zilikuwa tatu: Meru, Embu na Kisii. Leo wapo wanaopenda kusema kwamba wilaya hizo zilipendelewa kwa sababu watu wake ni wachapakazi. La. Zilichaguliwa hasa kwa kuwa zilikuwa mbali na mashamba ya Wazungu. Mkikuyu wa Kiambu, aliyepakana na mashamba hayo na kujifunza humo kila hatua ya kazi, tangu kitaluni hadi kwenye kukausha buni, aliambiwa angoje. Mkulima wa Imenti alimtangulia kwa ajili ya umbali. Sifa ambayo wajukuu wake wanaiita bidii ya Wameru ilianza na rula ya afisa juu ya ramani.

Miaka michache kabla ya hapo, chini ya vilima vya Ngong, mwanamke wa Denmark aliyeitwa Karen Blixen alikuwa na shamba la ekari zipatazo 6,000, mia sita hivi zikiwa na kahawa. Ardhi ile ilikuwa juu mno kwa kahawa. Alihangaika nayo, akakopa, akasaidiwa na jamaa zake, akavuna hasara mwaka baada ya mwaka hadi mwaka 1931, shamba lilipouzwa. Hakuna aliyeandika kwamba Wadenmark ni wavivu. Hakuna sheria iliyotungwa kuwazuia Wadenmark wengine wasipande kahawa kwa sababu mwenzao mmoja alishindwa. Mlowezi aliruhusiwa kujaribu, kukosea na kufilisika, na bado akahesabiwa kuwa mkulima. Mwafrika alihukumiwa uwezo wake kabla ya kushika mche.

Wakati huo yeye ndiye aliyeitwa mvivu. Neno hilo lilitawala baraza za walowezi, na lina historia ya ajabu, kwa sababu serikali ilitunga sheria chungu nzima za kumlazimisha huyo mvivu afanye kazi ya watu wengine. Kodi ya nyumba ilianza mwaka 1901 ili mtu atafute fedha taslimu, na fedha zilikuwa kwa mwajiri. Mwaka 1919 Gavana Edward Northey alitoa waraka uliowataka maafisa na machifu wawahimize vijana kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi. Kipande kikafuata, cheti kilichovaliwa shingoni ndani ya kijaluba cha bati, chenye jina la mwajiri, ujira na tarehe, hivyo kwamba mfanyakazi aliyeondoka bila ruhusa alisakwa kama mwizi. Mvivu wa kweli hahitaji kufungiwa bati shingoni ili asiache kazi. Kilichoitwa uvivu kilikuwa kusita kwa mtu mwenye akili kutajirisha shamba la jirani huku lake limefungwa kwa sheria.

Mlango ulifunguliwa kwa upana baada ya damu kumwagika. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, uliotungwa katikati ya vita vya Mau Mau, ulilenga kuwapa wakulima Waafrika hatimiliki na mazao ya biashara, ili wawe na kitu cha kuogopa kukipoteza. Yaliyofuata ni jibu kwa kila aliyewahi kunena habari za ubora na magonjwa. Leo wakulima wadogo wanazalisha zaidi ya nusu ya kahawa ya Kenya, na vilevile zaidi ya nusu ya chai. Katika mnada wa Mombasa, chai ya viwanda vya wakulima wadogo imezoea kupata bei nzuri kuliko ya mashamba makubwa. Majani hayo huchumwa na mikono iliyoambiwa kwamba haiwezi. Kati ya mwaka 1930 na 1960 mikono haikubadilika. Sheria ndiyo iliyobadilika.

Hapo mtetezi wa hotuba hurudi nyuma hatua moja na kushika elimu. Sawa, husema, shamba lilizuiwa, lakini kitabu kilikuwa wazi kwa yeyote mwenye kichwa. Haikuwa hivyo. Mwaka 1942 serikali ya kikoloni ilifanya masomo yawe ya lazima kwa watoto wa Kizungu. Mtoto wa Mwafrika, naye, aliwekewa mtihani wa mchujo alipomaliza darasa la nne, na wengi waliishia hapo wakiwa hawajabaleghe. Shule ya kwanza ya sekondari kwa Waafrika, Alliance, ilifunguliwa mwaka 1926, ikiwa ya kuhudumia nchi nzima. Mtoto mmoja alivutwa aingie darasani, mwingine alisukumwa atoke, kisha wote wawili wakapimwa kwa rula moja ya bidii.

Na aliyepenya mchujo wote? Mbiyu Koinange aliondoka Kenya mwaka 1927, akasoma Marekani hadi kupata shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Columbia, akarejea mwaka 1938. Serikali ilikuwa tayari kumwajiri, kwa mshahara ulio chini ya ule wa Mzungu mwenye elimu kama yake. Alikataa, na mwaka uliofuata akawa mkuu wa chuo cha walimu cha Githunguri, kilichojengwa kwa michango ya wananchi. Chuo hicho serikali ilikifunga mwaka 1952. Hali ya Koinange haikuwa ajali. Mishahara ya serikali ilipangwa kwa rangi waziwazi, Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini, mpaka tume ya Lidbury ya mwaka 1954 ilipopendekeza mfumo huo uondolewe. Ufunguo wa maisha, kama elimu inavyoitwa, ulikuwa mkononi mwa Koinange. Kitasa ndicho kilichokuwa na rangi.

Mtetezi ana hoja moja iliyobaki: hayo ni ya zamani, uhuru ulipatikana mwaka 1963, tuache kulia.

Basi na atazame wanakoelekea vijana wa Kanyakine wanaojaza fomu za visa. Mwaka 2004 wachumi Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya Boston na Chicago. Walituma takriban maombi 5,000 ya kazi ya watu wa kubuni, mengine yakiwa na majina yanayosikika kama ya Wazungu, mengine kama ya Wamarekani weusi. Sifa zilikuwa zilezile. Majina ya Kizungu yaliitwa kwa asilimia 50 zaidi. Kinachomgusa zaidi mhubiri wa bidii ni kwamba kuongeza sifa kwenye ombi kulimsaidia sana mwenye jina la Kizungu, na kulimsaidia kidogo tu mwenye jina la mtu mweusi. Yaani elimu ileile hulipa tofauti kulingana na jina lililo juu ya karatasi.

Wala Kenya haina haki ya kuwanyooshea Wamarekani kidole. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008 inasema kwamba shirika la umma lisiwe na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka kabila moja. Bunge halitungi sheria ya kutibu ugonjwa usiokuwapo. Kila kijana aliyewahi kupeleka vyeti Nairobi anajua swali linaloulizwa kabla ya swali la alama: wewe ni wa wapi? Huyo aliyekaa upande wa pili wa meza huenda ndiye atakayealikwa mwezi ujao kuhutubia siku ya zawadi.

Kuna wanaopenya, na hilo halipingiki. Wala hakuna mkulima aliyewahi kuvuna kahawa kwa kulala. Bidii inahitajika, kama mbegu inavyohitajika. Lakini anayemsifu aliyepenya bila kuhesabu waliosimama naye mlangoni, wakiwa na alama zilezile, anahubiri nusu ya habari, na nusu hiyo humfundisha mtoto aliyekosa nafasi kujidharau, na aliyeipata kumdharau mwenzake.

Kuna nusu nyingine ambayo wazee wa Imenti wanaijua vizuri. Mwezi Julai mwaka 1975 baridi kali iliunguza mibuni ya Brazil. Bei ya kahawa duniani ikapaa mwaka 1976 na 1977, na sosaiti za Meru zikalipa malipo ambayo hayajasahaulika. Mabati yakapanda juu ya nyumba, na watoto wakaenda sekondari. Mwezi Julai mwaka 1989 mapatano ya kimataifa ya kugawana soko la kahawa yalivunjika, bei ikaanguka, na baba walewale walioamka saa kumi na moja alfajiri kupeleka buni fakitori wakaanza kung'oa miti yao na kupanda migomba.

Mgeni wa heshima ajaye, basi, akisimama chini ya hema kusimulia safari yake, aanze na mwaka aliolipiwa karo ya kidato cha kwanza. Kama ni 1977, awaambie watoto habari za ile baridi ya Brazil. Halafu awatajie jina la mtu aliyempigia simu alipotafuta kazi ya kwanza.