Tumkumbuke Bwana Corbett wa Nyeri



Katika makaburi ya Kanisa la Mtakatifu Petro mjini Nyeri amelala mtu mmoja ambaye sisi tunaopenda kulenga shabaha, na kutembea porini kwa miguu, yatupasa kumhesabu kuwa mwenzetu. Jina lake ni Jim Corbett. Alifariki tarehe 19 Aprili 1955, akiwa na umri wa miaka 79. Yeye na dada yake Maggie walihama Bara Hindi mwaka 1947 wakaja Kenya, wakakaa Nyeri katika nyumba ndogo iitwayo Paxtu, iliyojengwa kwanza kwa ajili ya Lord Baden-Powell, mwanzilishi wa Maskauti. Wengi humtaja kwa ajili ya wanyama wakali aliowaua. Leo napenda tumkumbuke kwa jambo jingine alilotufundisha, nalo ni kwamba risasi moja iliyopigwa ovyo yaweza kuleta msiba kwa watu mamia.

Corbett alizaliwa mwaka 1875 huko Nainital, katika vilima vya Himalaya. Baba yake alikuwa msimamizi wa posta, naye alikufa Jim angali mtoto mdogo. Mtoto huyo alijua mapema kusoma nyayo za wanyama na kuelewa milio yao, na alipokuwa mwanafunzi alifundishwa kulenga shabaha pamoja na vijana wenzake. Alipokuwa mtu mzima hakupata riziki yake kwa bunduki. Alikuwa mtu wa reli, na kwa miaka zaidi ya 20 alisimamia kazi ya kuvusha mizigo huko Mokameh Ghat, kwenye Mto Ganges. Alipoombwa kumfuata mnyama mla watu, alitaka masharti mawili yatimizwe kwanza: zawadi ya fedha ifutwe, na wawindaji wengine waondolewe. Hakupenda kuhesabiwa miongoni mwa wanaotafuta zawadi, wala hakutaka kupigwa kwa bahati mbaya na risasi ya mwindaji mwingine.

Mwaka 1907 alimuua chui-milia jike wa Champawat. Chui-milia ni yule paka mkubwa wa Bara Hindi, mwenye kimo kama cha simba, na milia myeusi mwilini. Kwa hesabu iliyoandikwa, mnyama huyo alikuwa amewaua watu 436, kwanza katika nchi ya Nepal, kisha katika milima ya Kumaon. Corbett alipomtazama kinywani aliona kwamba meno mawili marefu ya upande wa kuume yamevunjika, la juu nusu yake, na la chini hata mfupani. Aliamua kuwa hilo lilikuwa jeraha la risasi ya zamani. Basi fikirini, ndugu zangu. Mtu fulani alifyatua bunduki, akamjeruhi mnyama, akaenda zake nyumbani. Mnyama aliyeshindwa kuwakamata wanyama wa porini akageukia nyama iliyo nyepesi kukamatwa. Aliyefyatua hakulipa deni lile. Waliolilipa ni watu wa vijijini waliotoka kukata majani na kuokota kuni.

Si risasi peke yake iletayo balaa hiyo. Chui-milia wa Muktesar alikuwa amepigana na nungu, akapoteza jicho moja na kuchomwa miiba kama hamsini. Naye chui wa Rudraprayag, aliyewaua watu 125 kabla Corbett hajampiga mwaka 1926, alidhaniwa kuwa alizoea nyama ya binadamu wakati wa homa kuu ya mwaka 1918, watu walipokufa kwa wingi na maiti nyingine zikatupwa bila kuchomwa kama ilivyo desturi. Katika kila habari Corbett aliuliza swali moja: mnyama huyu ameharibiwa na nini?

Yako mengine yanayoonyesha tabia yake. Mwezi wa Aprili 1930 alikuwa akimfuata chui-milia wa Chowgarh, ambaye alikuwa amewaua watu 64. Njiani aliona mayai mawili ya ndege mmoja wa usiku, akayachukua katika mkono wa kushoto, maana alipenda kukusanya mayai ya ndege. Alipolizunguka jabali alimwona mnyama amelala karibu sana, anamtazama. Corbett hakuyatupa mayai, kwa kuwa kila mwendo wa ghafula ungemwamsha mnyama aruke. Aliizungusha bunduki polepole kwa mkono mmoja, akapiga risasi moja tu, ikatosha. Kisha akayarudisha mayai mahali pake.

Katika ujana wake Corbett aliwinda kwa kujifurahisha, kama walivyofanya wengi wa wakati wake, tena aliwaongoza wakubwa wa serikali katika uwindaji. Lakini kadiri miaka ilivyokwenda alipenda zaidi kuwapiga wanyama picha kuliko kuwapiga risasi. Alisaidia kupatikana kwa hifadhi ya kwanza ya taifa katika Bara Hindi, iliyoanzishwa mwaka 1936, na baada ya kufa kwake hifadhi hiyo ikapewa jina lake.

Je, haya yatuhusu nini sisi wakulima na makarani wa Kenya? Yatuhusu sana. Mmoja wa wale simba wawili wa Tsavo, waliowala wajenzi wa reli mwaka 1898, alikutwa na jino lililovunjika na usaha katika taya. Uwindaji wa kujifurahisha ulikatazwa nchini mwetu mwaka 1977, lakini mitego ya waya na mishale ya sumu bado ipo. Chui aliyekatwa mguu na waya hawezi tena kumkimbiza paa. Mbuzi wako, au mtoto anayemchunga, ndiye mwepesi kwake. Kwa hiyo ukiona mnyama mkali amejeruhiwa, usinyamaze kwa kuogopa kuulizwa mtego ni wa nani. Pelekeni habari upesi kwa chifu na kwa maaskari wa wanyamapori, mwaonye na majirani wasipite njia ile. Sheria ya mwaka 2013 imeweka fidia kwa aliyeumizwa na mnyama, lakini hakuna fidia iwezayo kumrudisha mtu aliyekufa.

Na ninyi wenzangu wa shabaha, kumbukeni kwamba kiwanjani risasi ikikosa tunapoteza alama tu, na jioni tunacheka pamoja. Porini haiko hivyo. Asiye na hakika ya kumaliza kazi kwa risasi ya kwanza na ashushe bunduki yake. Ukipita Nyeri, ingia makaburini pale, uvue kofia, umkumbuke mtu aliyejua wakati wa kupiga na wakati wa kuacha.