Anga Si Shamba la Kukodisha



Mara nyingi, tukiongea mbele ya kanisa baada ya Misa, tumesikia maneno haya: «Roketi na setilaiti ni mchezo wa matajiri. Mwenye njaa atazame jembe lake, asitazame mwezi.» Wanaosema hivyo si wapumbavu. Wanaona shule zisizo na madawati na barabara zilizokufa, nao wamekasirika. Lakini hata hasira ya haki yaweza kutoa hukumu mbaya. Sisi twasema wamekosa. Sababu zetu tutazitoa katika habari za nchi mbili: India, na hii yetu.

Thumba kilikuwa kijiji cha wavuvi maskini huko Kerala, kusini mwa India. Wengi walikuwa Wakatoliki, na kanisa lao lilikuwa la Mtakatifu Maria Magdalena. Mwanzo wa miaka ya 1960, mtaalamu Vikram Sarabhai alitafuta mahali pa kurushia roketi za kupima hewa ya juu. Thumba ilifaa sana, kwa maana ikweta ya sumaku ya dunia yapita karibu nayo. Akamwendea Askofu Peter Bernard Pereira. Yasimuliwa kwamba Askofu hakutaka kujibu peke yake. Aliwauliza Wakristo katika Misa ya Dominika, nao wakakubali. Wavuvi wakahama, wakajengewa kanisa jingine. Nyumba ya Askofu ikawa ofisi, kanisa likawa karakana. Sehemu za roketi zilichukuliwa kwa baiskeli.

Tarehe 21 Novemba 1963 roketi ya kwanza iliruka. Ilitoka Marekani! Mwenye dharau angecheka: roketi ya kuomba, karakana ya kuomba. Lakini vijana wa India walikuwa wamepelekwa Marekani kujifunza, na walikuwa wamerudi. Tarehe 20 Novemba 1967 walirusha roketi yao wenyewe, ndogo sana, unene wake milimita 75 tu. Mwaka 1975 setilaiti yao ya kwanza, Aryabhata, ilipandishwa na roketi ya Warusi. Mwezi wa Agosti 1979 roketi yao kubwa ilianguka baharini. Hawakuvunjika moyo, Julai 1980 walishinda. Na tarehe 23 Agosti 2023 chombo chao Chandrayaan-3 kilitua karibu na ncha ya kusini ya mwezi, upande ambao hakuna taifa lililowahi kutua salama kabla yao. Toka baiskeli mpaka mwezini: miaka 60.

Je, maskini wa India walipata nini? Swali ni la haki, na jibu lipo. Mwaka 1975 na 1976, kwa setilaiti waliyoazimwa na Wamarekani, walipeleka masomo ya kilimo na afya katika vijiji vipatavyo 2,400, na watu wasiojua kusoma wakafundishwa kwa macho na masikio. Tena tazameni pwani ya Odisha. Mwaka 1999 kimbunga kiliua watu kama 10,000 huko. Oktoba 2013 kimbunga kingine kikubwa, Phailin, kilifika pwani ile ile. Safari hii setilaiti zilikuwa zimekifuata siku nyingi, na watu karibu milioni moja walihamishwa mapema. Waliokufa walihesabiwa kwa makumi. Hatusemi setilaiti peke yake iliwaokoa: palikuwa na nyumba za kukimbilia, na watu wa kubisha hodi mlango kwa mlango. Lakini mbisha hodi hana la kusema kama hakuna aliyeona.

Sasa turudi kwetu. Wengi hawajui kwamba roketi ziliruka katika Kongo pia. Mwaka 1975 serikali ya Zaire ilifanya mapatano na OTRAG, kampuni ya Ujerumani Magharibi. Ilipewa eneo la kilomita za mraba kama 100,000 huko Shaba, yaani Katanga. Ni zaidi ya Ubelgiji mara tatu. Haki ile ilikuwa ya kudumu mpaka mwaka 2000. Roketi ya kwanza iliruka tarehe 17 Mei 1977. Ile ya tarehe 5 Juni 1978 iliharibika mbele ya macho ya Rais Mobutu. Majirani zetu na Warusi walikuwa na mashaka kwamba silaha zinatengenezwa pale, na mwaka 1979 mapatano yakavunjwa. Wenye roketi wakafunga mizigo, wakaenda Libya.

Haya, linganisheni. Kule Askofu aliuliza wavuvi. Huku nani aliwauliza wakulima wa Shaba? Kule mgeni alileta roketi, mwenyeji akajifunza ufundi wake. Huku mgeni alileta roketi, akaondoka na ufundi wake. India ilitoa kijiji kimoja ikapata elimu. Sisi tulitoa nchi nzima tukangoja kodi. Kosa halikuwa kutazama mbingu. Kosa lilikuwa kudhani kwamba mwenye kukodisha shamba amekuwa mkulima.

Wengine watajibu: «India nayo si malaika.» Ni kweli. Abdul Kalam, aliyeongoza kazi ya roketi ya mwaka 1980, alihamia mwaka 1982 kwenye makombora ya vita. Ndiyo sababu twasisitiza: kazi hii iwe ya raia, kwa faida ya raia, na hesabu zake zijulikane kwa raia.

Mei 2023 mafuriko yaliangukia Bushushu na Nyamukubi, katika teritwari ya Kalehe, yakaua watu zaidi ya 400. Hatusemi setilaiti ingezuia mvua. Lakini twauliza: ni vijana wangapi wa Kongo wanaofundishwa kusoma picha za mawingu, kupima milima iliyopoteza miti, na kupeleka habari hadi kijijini kabla ya usiku? Hiyo ndiyo kazi ya anga iliyo ya haraka kwetu, nayo haianzi kwa roketi.

Basi, wazazi na walimu, tusiwacheke watoto wanaopenda hesabu na nyota. Wakubwa wakija na mapatano mapya, ya anga au ya madini, tusiulize kodi tu. Tuulize: mmewauliza wenye nchi? Watoto wetu wangapi watajifunza, na siku mgeni atakapoondoka, tutabaki tukijua nini? Mtumishi aliyefukia talanta yake alidhani amekuwa mwangalifu. Bwana wake hakumsifu.