Maduka ya kale ya kahawa na vitamutamu Istanbul: familia inaketi wapi?

Ndugu msomaji, katika safu ya leo tutoke kidogo nje ya mipaka yetu twende Istanbul, mji mkubwa kuliko yote nchini Uturuki, wenye wakazi zaidi ya milioni 15. Wengi wa ndugu zetu wanaopata wasaa wa kupita huko, kwa biashara, masomo au matibabu, huzuru misikiti mikubwa na masoko, kisha hurejea. Ni jambo jema. Lakini upo upande mwingine wa mji ule unaostahili saa chache za mgeni, hasa mgeni aliyefuatana na mke na watoto: maduka ya kale ya kahawa na ya vitamutamu, ambayo baadhi yake yamefungua milango tangu enzi za masultani.

Ukiyatazama vyema, maduka hayo hayasimulii habari za kinywaji peke yake. Yanasimulia swali ambalo miji mingi ya Waislamu imelikabili na wa kwetu haujalimaliza: baba akitoka kwenda kuzungumza na wenzake, mama na watoto wanaketi wapi?

Kahawa ilivyoingia mjini

Asili ya mbuni ni Ethiopia, lakini kahawa kama kinywaji twaikuta kwanza kwa masufi wa Yemen katika karne ya 15, walioinywa ili iwasaidie kukesha katika dhikri za usiku. Kutoka huko ikapanda hadi Makka na Cairo, wala si wote walioipokea kwa furaha. Mwaka 1511 Khair Beg, aliyesimamia masoko na maadili mjini Makka kwa niaba ya watawala wa Misri, aliwakusanya wanazuoni na kuipiga marufuku. Amri ile haikudumu, kwa kuwa wakubwa wake wa Cairo waliilegeza.

Kuhusu Istanbul, mwanahistoria İbrahim Peçevi ameandika kwamba kabla ya mwaka 962 Hijria, yaani 1554 hadi 1555 Miladia, mji ule haukuwa na kahawa wala nyumba za kahawa. Ndipo wakaja watu wawili, Hakem kutoka Halab na Şems kutoka Damascus, kila mmoja akafungua duka kubwa katika mtaa wa Tahtakale. Wakati huohuo, juu ya kilima kinachoutazama mtaa ule, mafundi walikuwa wakiujenga Msikiti wa Süleymaniye, uliokamilika mwaka 1557. Mji ukapata kwa mara moja nyumba ya ibada kilimani na nyumba za mazungumzo bondeni.

Haukupita muda malalamiko yakaanza. Peçevi anawataja maimamu na waadhini walionung'unika kwamba watu wamezama katika nyumba za kahawa na hapana tena anayekwenda msikitini. Mwaka 1633, baada ya moto mkubwa kuteketeza sehemu ya mji, Sultan Murad IV aliamuru nyumba za kahawa zifungwe. Hofu yake haikuwa juu ya kinywaji kilichomo kikombeni, bali juu ya maneno yaliyosemwa mbele ya kikombe, kwani humo ndimo watawala walimojadiliwa. Pamoja na ukali huo, nyumba zile zilirudi. Kufikia karne ya 19 baadhi yake ziliitwa kıraathane, yaani nyumba za kusomea, kwa kuwa magazeti yalisomwa humo. Msomaji ataona kwamba neno hilo limetoka katika kiraa ya Kiarabu, shina lile lile lililozaa jina la Qur'ani.

Katika habari zote hizo, wanaotajwa kuketi ni wanaume. Wanawake wa Istanbul nao waliinywa kahawa, lakini majumbani na katika hamamu. Hata leo, wachumba wanapokwenda kuposa, binti ndiye anayewapikia wageni kahawa, na kwa mzaha wa mila humtilia chumvi kijana anayemposa ili aonekane subira yake. Mwaka 2013 UNESCO iliuingiza utamaduni wa kahawa ya Kituruki katika orodha yake ya urithi usioshikika, na mila hizo za nyumbani ni sehemu ya urithi huo. Lakini kuinywa nyumbani si sawa na kuwa na mahali pa kuketi mjini.

Duka la maziwa

Jibu la swali letu lilikuja kwa njia nyingine, nayo ni duka la muhallebi, ambalo wenyeji huliita muhallebici. Muhallebi ni maziwa yaliyopikwa na unga wa mchele au wanga mpaka yakagandamana, yakapozwa na kuliwa kwa kijiko. Msomaji wa pwani akumbuke faluda, atakuwa karibu na jambo lenyewe. Kwa kuwa hapakuwa na moshi wala michezo ya meza, na kinachouzwa ni maziwa, sukari na wali, duka hilo likawa mahali ambapo bibi anaweza kuingia na wajukuu, mke na mume wakaketi pamoja, na wachumba wakazungumza hadharani bila kunyoshewa vidole.

Vinavyouzwa humo vinastahili kutajwa kwa majina. Upo sütlaç, wali wa maziwa unaookwa katika kibakuli cha udongo mpaka juu ukawa na madoa ya kahawia. Upo tavukgöğsü, ambao mgeni akiambiwa hushtuka, maana ndani yake mna nyama ya kidari cha kuku iliyochambuliwa nyuzi nyuzi hata isionekane wala kusikika ladha yake, ikabaki kuyapa maziwa mvutano tu. Yupo nduguye, kazandibi, yaani ukoko wa sufuria, ambao huachwa uungue kidogo chini kwa makusudi. Upo keşkül wa lozi, ulioitwa kwa jina la bakuli ambalo madarwishi walilitembeza kuombea sadaka. Mwezi wa Ramadhani huja güllaç, karatasi nyembamba za wanga zilizoloweshwa katika maziwa na maji ya waridi. Na Muharram huja aşure, uji wa ngano, maharagwe, dengu na matunda makavu, ambao wenyeji katika masimulizi yao huunasibisha na safina ya Nabii Nuh (AS). Huo haupikwi kwa ajili ya nyumba moja. Hupikwa sufuria kubwa, na jirani apelekewe bakuli lake.

Nilipoketi katika duka moja la namna hiyo upande wa Kadıköy, meza ya jirani ilikuwa na bibi mmoja na wajukuu watatu, na mbele yao mabakuli mawili tu. Bibi aligawa kwa kijiko, akisimulia jambo lililowachekesha. Hapakuwa na muziki wa kumshinda sauti, wala mhudumu aliyesimama juu yao akingoja waondoke. Mwishoni mtoto mkubwa alimsaidia bibi kuvaa koti. Ni mambo madogo, lakini niliyatafuta katika kumbukumbu za mahali tunapopeleka watoto wetu siku za sikukuu, nikayakosa.

Siku moja ya matembezi

Atakayebahatika kufika na aile yake aanze asubuhi Eminönü, kando ya Soko la Misri. Harufu itamwongoza hadi Kurukahveci Mehmet Efendi, duka lililoanza kuuza kahawa iliyokwisha kukaangwa na kusagwa mwaka 1871. Kabla ya hapo watu walinunua buni mbichi wakaikaanga na kuitwanga wenyewe. Hapo hapaketiwi. Watu hupanga foleni, hupewa kifurushi chenye vuguvugu, huondoka. Si mbali na hapo ni duka la Hacı Bekir, aliyekuja mjini kutoka mkoa wa Kastamonu na kufungua biashara ya peremende na lokumu mwaka 1777. Watoto wataujua utamu wa lokumu mara moja. Mtu mzima atastaajabia kwamba jina la dukani ni la mtu aliyehiji zaidi ya karne mbili zilizopita.

Alasiri ni ya Eyüp, kwenye kaburi la sahaba Abu Ayyub al-Ansari (RA). Baada ya ziara na Swala, njia ya kupanda kilimani hupita katikati ya makaburi, na asiyeweza kupanda hubebwa na gari linaloning'inia katika waya. Kileleni pana mkahawa wenye jina la mwandishi wa Kifaransa Pierre Loti, na chini yake Pembe ya Dhahabu yote imetandazwa. Kahawa huletwa katika kikombe kidogo tunachokijua kwetu kwa jina la finjani, pamoja na bilauri ya maji. Imechemshwa pamoja na unga wake, basi iachwe kwanza itulie, na asinywe mtu hadi tone la mwisho. Waturuki husema kuwa finjani moja ya kahawa ina haki ya kukumbukwa miaka 40.

Jioni, hasa wakati wa baridi, wenyeji huenda Vefa, mwendo mfupi kutoka Süleymaniye, katika duka lililoanzishwa mwaka 1876 linalouza boza. Ni kinywaji kizito cha mtama kinachonyunyiziwa mdalasini na kuliwa na dengu zilizokaangwa. Mtanzania ataitazama na kusema hii ni nduguye togwa. Hapa pana neno la tahadhari. Boza huchachuka kidogo, na ikikaa huzidi kuchachuka. Tangu enzi za Uthmania walitofautisha boza tamu na ile kali iliyokatazwa. Mwenye shaka aulize, na asiyetulizwa na jibu aache. Vivyo hivyo katika maduka ya keki za mtindo wa Ulaya huko Beyoğlu, usione haya kuuliza kama keki imetiwa pombe au jelatini, hata kama umo katika nchi ya Waislamu. Vitamutamu vya maziwa vya asili hugandamanishwa kwa mchele na wanga, na hapo wasiwasi ni mdogo. Mwenye kisukari katika familia naye asisahauliwe: bakuli moja kwa watu wawili latosha.

Yanavyotoweka

Tusidhani kwamba maduka hayo yako salama. Mwaka 2012 duka la İnci, lililouza keki zake katika barabara ya İstiklal tangu 1944, liliondolewa katika jengo lake ili jengo lifanyiwe ujenzi mpya. Lilipata chumba katika mtaa wa jirani, likaendelea, lakini wazee waliokuwa wakikutana mahali pale kwa miongo mingi walipoteza kiti chao. Kodi ya pango inapopanda, anayeshindwa kwanza ni yule anayeuza bakuli la bei ndogo na kumwacha mteja akae. Na anayekuja badala yake huning'iniza picha za kale ukutani ili pafanane na zamani. Mgeni hupiga picha, hulipa mara tatu, huondoka. Ukitaka kulitambua duka la kweli, tazama wanaoketi: kama wamo wazee wa mtaa na watoto wa mtaa, umefika.

Na kwetu je?

Sisi watu wa mwambao na miji yake tumerithi nusu moja ya urithi huu, nayo tumeitunza vyema. Kahawa chungu kutoka katika dele la shaba, kashata, baraza za Mji Mkongwe wa Unguja, za Mombasa, za Lamu, na vijiwe vya Kariakoo: hapo wazee wetu wamefundishana siasa, dini na ubingwa wa bao. Lakini ni nusu ya wanaume. Mama wa nyumba hii hajawahi kuketi pale, wala binti yake, na mtoto wa kiume hupitishwa mbio akitumwa dukani. Halua ya Pemba na ya Mombasa tunainunua kwa kibahaluli au kwa kilo, tunaibeba nyumbani. Siku tunapoamua kutoka pamoja, tunaangukia mahali penye muziki wa kutoboa masikio, bei za kuumiza, na kila mtoto ameinamia simu yake.

Sisemi baraza zivunjwe, maana zina kazi yake. Nasema nusu ya pili haijajengwa, na haihitaji mtaji mkubwa. Mwenye kuuza faluda, tambi au wali wa maziwa aweke meza nne safi mahali pasipo moshi wa sigara, azime redio, aandike bei ukutani. Nawe baba, katika jioni saba za juma, baraza ikupate sita na ya saba uwachukue wa nyumbani kwako. Wapeleke watoto wakaone halua inavyosongwa katika sufuria la shaba, wamuulize fundi alifundishwa na nani. Babu akiwepo aende nao, kwani yeye ndiye mwenye habari ambazo simu haina.

Kama mtaani kwako lipo duka la aina hiyo, la zamani au jipya, ambalo mama na watoto huketi kwa heshima, tuandikie jina lake na lilipo. Insha'Allah tutayataja katika safu hii ili familia nyingine zifaidike, na mwenye duka apate wateja kabla mwenye nyumba hajampandishia kodi.

Wabillahi tawfiq.