Tusisubiri cheti cha daktari ili tupunguze sauti

Mtu mzima anayetoka kanisani kwaya inapoanza, anayekwepa mashine ya kusaga mihogo, anayewashwa na kola ya shati kama aliyepakwa upupu, huku Lemera, mashariki mwa Kongo, huhukumiwa upesi: ana kiburi, ana pepo, au vita vilimharibu.

Hukumu ya tatu ina msingi. Tarehe 6 Oktoba 1996 hospitali ya Lemera, ambayo Daktari Denis Mukwege alikuwa mkurugenzi wake, ilishambuliwa. Zaidi ya watu 30 waliuawa, wakiwemo wagonjwa waliokuwa vitandani. Aliyeponea mambo kama hayo anaweza kushtuka hata leo mlango ukibamizwa. Hilo ni jeraha la moyo, na lina matibabu.

Lakini si kila anayeziba masikio aliumizwa na vita. Wapo waliokuwa hivyo tangu utotoni: sauti, mwanga, harufu na mguso huwaingia vyote kwa pamoja, hata wakachoka kabla ya saa sita mchana. Mmarekani A. Jean Ayres aliandika juu ya watoto wa namna hiyo mwaka 1972. Wataalamu bado wanabishana kama huu ni ugonjwa wa peke yake. Mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili wa 2013 unaitaja hali hii kati ya dalili za usonji, bila kuihesabu kuwa ugonjwa wa peke yake.

Kwa hiyo muuguzi aulize kwanza: ilianza lini, utotoni au baada ya tukio? Jibu ndilo litakaloonyesha njia ya msaada.

Wengine watasema penye malaria na risasi, haya ni mambo ya kitajiri. Sikubaliani nao. Kupunguza sauti hakuhitaji dawa wala mfadhili. Bafle mbili ndani ya chumba cha mabati, na jenereta ikinguruma dirishani, humwumiza hata mwenye masikio mazima. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2022 kwamba sauti kwenye kumbi za muziki isizidi wastani wa desibeli 100. Na imani haipimwi kwa desibeli.

Wachungaji, teremsheni sauti. Wazee, mruhusuni mtu atoe pole matangani kisha akakae nje, bila kusemwa. Nanyi majirani, mtu akiwaambia kelele zinamwumiza, mwaminini leo, hata kama hana karatasi ya daktari.