Musuguri asibaki jina la utani tu

Ndugu Mhariri,

Nina dukuduku kuhusu jinsi tunavyomkumbuka Jenerali David Musuguri, aliyefariki dunia Oktoba 2024 akiwa na umri wa miaka 104.

Kila anapotajwa utasikia "Jenerali Mutukula", aliyempiga nduli Idi Amin, basi, mazungumzo yamekwisha. Picha zake zenye nishani kifuani tunazo. Lakini kijana akiuliza nishani zile zilitoka wapi, wengi wetu tunabaki kukohoa.

Mzee huyu alizaliwa Butiama mwaka 1920. Aliingia Keya mwaka 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili, akapelekwa hadi Madagaska. Alianzia chini kabisa, katika jeshi la mkoloni ambamo Mwafrika, hata angekuwa hodari namna gani, alikuwa chini ya Mzungu. JWTZ lilipoundwa mwaka 1964 alikuwa amekwisha kula kwata kwa zaidi ya miaka 20. Kwa hiyo mtu asidhani cheo alikipata kwa kuwa alitoka kijiji kimoja na Mwalimu.

Amin alipovamia Kagera Oktoba 1978, jeshi letu lilikuwa dogo. Likaongezwa haraka kwa polisi, magereza, JKT na wanamgambo. Katika vita hiyo Musuguri aliongoza Divisheni ya 20. Pale Lukaya, Machi 10, 1979, Brigedi ya 201, iliyokuwa na wanamgambo wengi wasiozoea vita, ilipigwa maroketi na majeshi ya Libya yaliyokuja kumwokoa Amin, ikatawanyika. Kesho yake ilijipanga upya ikarudi kupigana, huku Brigedi ya 208 ikizunguka na kumpiga adui ubavuni. Aprili 11 Kampala ikawa mikononi mwetu. Mwaka 1980 Musuguri akawa Mkuu wa Majeshi hadi 1988.

Wapo watakaosema nawachokoza nikitaja kwamba Mutukula, ilipotekwa Januari 1979, raia wa Uganda waliuawa na nyumba zikabomolewa, mpaka Mwalimu akaamuru jambo hilo lisirudiwe. Mimi naona litajwe. Jirani zetu wa Uganda wanalijua, na historia yetu haina sababu ya kuwaogopa watoto wetu wenyewe.

Ninalolitaka hasa, Ndugu Mhariri, ni hili. Jenerali amekwisha kwenda na yake. Lakini wale wanamgambo waliotawanyika Lukaya wakarudi, wengine bado wako vijijini wakilima mihogo. Aliyekuwa na miaka 20 wakati ule sasa amepita 65. Hawa hawana jina la utani, na Julai 25, Siku ya Mashujaa, wengi wao huisikiliza redioni kama mtu mwingine yeyote.

Nashauri kila halmashauri iwaagize walimu wa historia wawatembelee wazee hawa pamoja na wanafunzi, waandike majina yao, vikosi vyao na waliyoyaona, na nakala zipelekwe JWTZ na Makumbusho ya Mwalimu Nyerere, Butiama. Daftari na kalamu havihitaji kusubiri bajeti. Je, wahusika wataanza lini?

Msomaji wako,
Musoma.