Mbele ya kununua piesi, tutafute sauti inatoka wapi



Kila mara tunaongea hapa juu ya mbegu, mbolea na wadudu wa mihindi. Leo nataka kuongea juu ya motoka, kwa sababu mihindi ikisha kuvunwa, bila motoka haifike kwenye soko ya Kolwezi. Nataka kuongea juu ya sauti moja ndogo iliyokaribia kuvunja koperative yetu.

Ilikuwa mwezi wa tano, mavuno iko mu magunia. Pikapu yetu ya okazio ikaanza kulia kwa nyuma: ko! ko! Ikipita kwenye mashimo madogo, inalia. Shofere akiondosha motoka, inalia mara moja. Akifunga fre, inalia tena. Tuliipeleka kwa mekanisie. Hakuingia chini. Aliisukuma kwa mkono tu, akasema: "Papa, hizi ni amortisere, zilikufa." Tukanunua mbili. Sauti ikabaki. Mekanisie wa pili akasema ni silambloki, yaani zile mipira zinazokaa kwenye ncha za resori. Tukanunua tena. Sauti ikabaki. Hapo tulikuwa tumekwisha kutoa franga ya magunia 12 ya mihindi, na motoka inalia sawa siku ya kwanza.

Kisha maneno ikaanza. Mu mukutano, mwanamemba mmoja akasimama: "Shofere na mama trezoriye beko banakula franga yetu! Piesi mupya iko fasi gani? Sauti njo ile ile!" Wengine wakapiga makofi. Mama trezoriye alionyesha risiti zote, lakini risiti haizimi sauti. Watu watatu wakasema hawatalipa tena mchango wa motoka. Shofere, kijana aliyetutumikia miaka sita bila aksida, alitaka kurudisha funguo.

Aliyetuokoa ni mzee mmoja wa kijiji, aliyefanya kazi ya mekanisie wa malori kabla ya kupumzika. Hakushika ufunguo wowote kwanza. Aliuliza maswali matatu tu.

"Mwanangu, inalia wakati gani?"

"Nikiondoka, nikifunga fre, na ku mashimo, Papa."

"Ikiwa na mzigo, inalia?"

Shofere akafikiri. "Apana. Ikijaa magunia, inanyamaza."

"Na tangu lini?"

Hapo shofere akakumbuka: tangu wiki chache baada ya kubadilisha jani moja la resori lililovunjika.

Mzee akacheka. Alimwambia aendeshe polepole juu ya matofali yaliyopangwa chini, motoka tupu, na yeye akatembea kando yake akisikiliza. Kisha tukaweka mawe kwenye magurudumu, akaingia chini na tochi. Mnajua vumbi letu nyekundu: lilikuwa limefunika kila kitu chini ya ile motoka, isipokuwa fasi moja. Kwa upande wa kushoto, pale resori inapokaa juu ya ponti, chuma kiling'aa kama kopo jipya. Chuma kinachong'aa katikati ya vumbi, njo chuma kinachotembea. Zile bulo kubwa zilizokunjwa kama U, zinazofunga resori kwenye ponti, zilikuwa zimelegea. Na ile bulo ya katikati inayoshika majani pamoja ilikuwa imekatika. Wakati wa kubadilisha jani, bulo zilikazwa mara moja, kisha hakuna mtu aliyerudi kuzikaza. Jani mupya likikwisha kubeba mzigo mara chache, linajikalisha, na bulo zinalegea. Ikiwa na mzigo, uzito unabana kila kitu, sauti inanyamaza. Ikiwa tupu, ponti inacheza. Bulo mupya hazikufika hata bei ya gunia moja.

Maoni yangu ni haya: piesi isinunuliwe mpaka sauti ionyeshwe. Mekanisie akisema "ni amortisere," amuonyeshe mtu wa komite kwa macho na kwa mkono. Amortisere iliyokufa inajulikana: mafuta inatoka juu ya mwili wake, na ukisukuma kona ya motoka chini na kuiachia, inaruka-ruka badala ya kutulia. Silambloki iliyokwisha, ukiisukuma na chuma kirefu, unaona resori inacheza kwenye ncha yake. Sauti inayonguruma na kuongezeka kadiri mwendo unavyoongezeka, mara nyingi ni rulema ya gurudumu, wala si resori. Mgonjwa wa homa tunampima damu kwanza ndipo tunampa dawa ya malaria. Motoka nayo ipimwe.

Najua wengine watasema: "Sisi ni walimaji, mambo ya garaji tuachie wenye kujua." Siwakatalii. Lakini mnunuzi wa mihindi akileta mizani yake, je, tunageuka na kuangalia pembeni? Tunasimama pale, tunasoma kilo moja moja. Hakuna anayesema kwamba tunamtukana mnunuzi. Basi kwa nini kwenye garaji tunakaa chini ya muti na kungoja tuambiwe bei? Mekanisie mzuri hatakasirika ukimwomba akuonyeshe. Atafurahi kwamba unataka kujua.

Wengine watasema mu mavuno hakuna wakati wa kupima. Sisi tulipoteza siku tisa kwa kubahatisha, na mzee alitumia asubuhi moja. Na kila siku motoka yetu inalala garaji, bunga ya Zambia inaendelea kupita Kasumbalesa na kujaza soko zetu. Muuzaji hatungojei.

Kuna mambo tuliyoamua, na naomba koperative zingine ziyafikirie. Shofere sasa ana kaye mu motoka. Anaandika sauti ilianza siku gani, ikiwa na mzigo ao tupu, na piesi gani iliguswa mbele yake. Piesi ya zamani inarudishwa na kuwekwa kwenye meza ya mukutano, kila mutu aione. Resori ikifunguliwa, bulo zinakazwa tena baada ya safari za kwanza zenye mzigo. Na hatupiti tena uzito ambao motoka imejengewa. Hapo sisi wote tuna kosa: tunalia juu ya resori, lakini kila mmoja anaomba gunia lake liongezwe juu. Njia zetu za udongo, upande wa Mutshatsha ao Lubudi, zinapiga motoka vya kutosha.

Kwa usalama: mtu asiingie kamwe chini ya motoka inayoshikwa na kriki peke yake. Na sauti ikitoka mbele, usukani ukiwa unavuta ao gurudumu likicheza ukilishika, motoka isimame pale pale. Rotili ikitoka, gurudumu linalala, na watu wanaoketi juu ya magunia njo wanaokufa.

Sheria ya OHADA ya koperative, ya tarehe 15 Desemba 2010, inaweka mafundisho na habari kwa wanamemba kati ya kanuni za koperative. Mara nyingi tunafikiri habari ni hesabu ya mwisho wa mwaka tu. Lakini hesabu yetu ilikuwa safi, na bado tulikaribia kuvunjika, kwa sababu hakuna aliyejua ile franga ilitafuta nini chini ya motoka.

Yule mwanamemba aliyesimama kushitaki alimwomba shofere msamaha mbele ya wote. Lakini shofere bado anakumbuka makofi yale. Basi mu mukutano wenu ujao, mbele ya kuuliza nani alikula franga, mulizeni shofere maswali ya mzee: inalia wakati gani? Na mzigo ao tupu? Tangu lini?