BARIDI YA KASULU? KIMBILIA UNGUJA!

Haya, vijana wa Kasulu na Kibondo, mpo? Najua Juni na Julai huko juu si mchezo. Asubuhi koti, jioni koti, kidume kizima kinagombea jiko la mkaa na bibi yake! Mimi nasema hivi: maharage yakishauzwa, tenga nauli uende Unguja ukaote jua.

Ila akili kichwani. Miezi hiyo ni ya kusi, bahari inachafuka. Kwenye boti kutoka Dar kaa nyuma, la sivyo chai yote utaiacha baharini. Ukitaka kuogelea nenda Nungwi au Kendwa. Kule Paje maji yakitoka, utayafuata mpaka uchoke.

Julai pitia Makunduchi uone Mwaka Kogwa. Wanaume wanacharazana kwa migomba, kama ile ya kwenu, halafu ugomvi wa mwaka mzima umekwisha. Mgeni anakaribishwa kula, usijivunge.

Jioni Forodhani, sawa. Lakini mchana ingia Mkunazini, kwenye kanisa lililojengwa palipokuwa na soko la watumwa mpaka 1873. Misafara ilitokea hata Ujiji, jirani zenu. Wapo waliofika pwani kwa miguu, minyororo shingoni. Wewe umekuja kwa nauli yako, na kurudi utarudi.

Hiyo nauli ya kurudi usiile! Na pesa ya mbegu iache kwa mama. Mvua za Oktoba hazimngoji mtu aliyeko ufukweni.

Tukutane wiki ijayo, kaeni chonjo!